Salamu Nyuma ya Kioo Cheusi

Mama Inobat aliamua kwamba mkamwana wake asionekane, na uamuzi wenyewe aliutoa huku anatafuna. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mashambani imebaki miti yake mikavu tu, na watu wa mtaa walikuwa wamerudi kwenye kazi yao ya kudumu, ambayo ni kutazamana. Mchana wa siku hiyo alikuwa kwenye chai ya wanawake wenzake, na huko jirani yao Mastura akamwambia mbele ya watu kwamba amemwona Zumrad ndani ya gari, anacheka peke yake.

Zumrad hakuwa anacheka. Alikuwa anaimba. Lakini alishaishi katika nyumba ile muda wa kutosha kujua kwamba kuimba kungehesabiwa kosa kubwa zaidi, kwa hiyo akammiminia mavyaa wake chai, nusu pialo, kile kibakuli kidogo cha chai, kama adabu inavyotaka.

Kazi yake ilikuwa uuguzi, ule wa kuzungukia nyumba zenye watoto wachanga. Kila kukicha alitia mizani kwenye buti, akaingia barabarani, akapita vitongoji vilivyotawanyika katikati ya mashamba na mifereji, akapima watoto, akatazama vitovu, akawagombeza mabibi wanaowafunga vichanga kama mizigo ya posta. Gari lilikuwa lake. Matizi nyeupe, ndogo, aliyopewa na baba yake siku magoti ya mzee yalipokataa kukanyaga breki. Bila gari lile asingeweza kazi ile, na bila kazi ile angebaki ndani ya ua wa Mama Inobat, anafagia alfajiri, anapika adhuhuri, anafagia tena jioni, mpaka mumewe Sherali atakapochoka kujenga maghorofa ya Warusi. Na Sherali hakuonyesha dalili ya kuchoka.

Mtu mwingine aliyelipenda gari lile alikuwa Kudrat, kaka mkubwa wa Sherali. Huyu aliwahi kuwa na gari lake, akaliuza ili afuge kuku, kuku wakafa wote, naye akabaki na mabanda na maoni. Maoni yake hayakufa. Tangu hapo alikuwa akiitazama Matizi ya shemeji yake namna paka anavyomtazama muuza nyama, na kila ilipotoka langoni alikuwa na neno: taa ya nyuma imefifia, injini inalia vibaya, mwanamke anabadilisha gia kama anakanda unga.

Jioni ile Kudrat alisema dawa ipo, tena nyepesi. Vioo vibandikwe tinti. Gari likiwa jeusi vioo, nani atajua aliyemo ni mwanamke au ni gunia la karoti? Na kama Zumrad hataki tinti, basi njia ni moja: funguo akabidhiwe yeye, awe anampeleka shemeji yake popote penye kichanga. Alisema hivyo kwa upole kabisa, mtu ambaye hajawahi kuamka kabla jua halijafika juu ya ukuta.

Zumrad akamtazama. Aliona jinsi alivyokuwa amekwisha kujiweka kwenye kiti cha dereva, akilini mwake, na kiti amekirudisha nyuma.

Wakampigia Sherali simu. Mama alisema kwanza, akafuata Kudrat, na simu ilipomfikia Zumrad mumewe alikuwa ameshafundwa. Alimwambia ni kioo tu, awape kioo, wamwache na gari. Zumrad alimdharau mumewe kwa urahisi ule wa kukubali, lakini alikiri moyoni kwamba kwa mara moja hakusema upumbavu mtupu. Gari ndilo la kushika. Kioo kitajulikana baadaye.

Basi wakaenda mjini Kokandi, kwa fundi mmoja aitwaye Fayzi, mwenye banda nyuma ya soko la vipuri. Fayzi alikuwa na miwani myeusi ndani ya banda lisilo na jua, na hilo lilimtosha Zumrad kumjua. Alitoa vipande vya tinti vilivyotungwa kwenye pete ya waya, akavipanga kama muuza vitambaa: hiki chepesi, rangi ya chai ya mgeni usiyempenda, hiki cha kati, chai iliyokolea, na hiki, akasema kwa heshima, hiki ni cha wakubwa. Kile cha wakubwa kilikuwa cheusi kama sufuria ya harusi upande wa chini. Katika sehemu mia za mwanga, Fayzi alieleza, kinaingiza tano tu.

Zumrad alisema kama ni lazima, nyuma waweke wanachotaka, hata wapake lami. Lakini vioo viwili vya mbele, vile vya ubavuni mwa dereva na mwa abiria, waviache, au wavitie kile chepesi. Kupitia vile ndipo dereva anaona vioo vya kutazamia nyuma. Kupitia vile ndipo anaona nani anatoka kulia kwenye njia panda. Na barabara za kwao zinajulikana, mikokoteni haina taa, baiskeli hazina taa, na watu wazima wanavaa nguo nyeusi na kutembea katikati ya njia kana kwamba wanakwenda kuhiji.

Kudrat hakumjibu yeye, alimjibu fundi. Akasema mbele ndiko kunakoonekana, sasa faida ya kuficha nyuma ni nini, nani anamtazama mtu kisogo? Kibali cha tinti alikuwa amekwisha kukishughulikia mwenyewe, na ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa bidii mwaka ule. Akachagua cha wakubwa, pande zote. Kioo kikubwa cha mbele tu ndicho kilichobaki kama kilivyo, na hicho nacho Kudrat alikitazama kwa masikitiko.

Fayzi akaapa kwamba kutoka ndani mtu anaona kama mchana. Ili kuthibitisha, akaingia ndani ya gari, saa sita ya mchana, jua limesimama juu ya banda, akatangaza kwamba anaona kila kitu.

"Na jioni?" Zumrad akamuuliza.

"Dada yangu, jioni mwanamke wa heshima yuko nyumbani."

Kudrat alicheka sana. Zumrad akaikumbuka kauli hiyo vizuri, kwa sababu jioni ndipo mama wengi wa huko wanapoanza kushikwa na uchungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba Fayzi ruhusa.

Ilianza dunia ya rangi ya chai kuukuu. Mchana wa jua ilivumilika. Lakini majira yale jua lilikuwa linatokea kama mgeni mwenye haraka, na kutoka mifereji ukungu ulipanda asubuhi na kurudi jioni. Upande wa kushoto, uliko usukani wa magari ya kwao, Zumrad aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo, na ng'ambo ya uso huo, kitu kama shimo. Vioo vya kutazamia nyuma vilikuwepo pale nje, kwa mazoea tu. Mara ya kwanza kurudi nyuma kutoka ua wa mtu alimgonga bata mzinga kwa bampa, na yule bata alikuwa mkubwa kuliko mtoto wa chekechea, mweupe tena. Bata hakufa. Zumrad ndiye aliyekaa ndani ya gari, akifikiria nyumba zote anazoingia, na vitoto vinavyotambaa kwenye nyua hizo.

Lakini kitu alichokosa zaidi hakikuwa mwanga. Kule kwao barabara haiendeshwi kwa alama, inaendeshwa kwa macho. Kwenye daraja la mfereji, panapokutana njia nne na hakuna hata kibao, dereva anamtazama dereva, huyu anainua kidevu, yule anaweka mkono kifuani, na mmoja anapita. Mama mwenye kuni anamtazama dereva, dereva anatikisa kichwa, mama anavuka. Ndivyo wanavyoishi, na wengi wanafika nyumbani. Sasa Zumrad alitikisa kichwa kama punda mwenye nzi na hakuna aliyemwona. Watu walisimama ukingoni wanakitazama kioo cheusi, hawajui kama wameonwa. Wengine walivuka kwa kubahatisha. Mwanamke mmoja aliyebeba mzigo wa miti ya pamba mgongoni, mzigo mpana kuliko barabara, alijitosa akarudi, akajitosa tena, na Zumrad alifunga breki mpaka mizani ikaruka ndani ya buti. Yule mwanamke alisogea karibu, akakiinamia kioo, akaona uso wake mwenyewe, akautemea.

Tangu siku hiyo Zumrad akifika njia panda alishusha vioo vyote viwili vya mbele, baridi ikaingia, akatazama kushoto na kulia kama mtu mwenye macho, akavipandisha, akaendelea. Shingo ikamkaza. Sikio la kushoto likaanza kuuma. Tinti ya wakubwa ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, mradi haipo.

Hayo yote Mama Inobat hakuyajali. Alichokuja kujali ni kingine, na hapo ndipo unapoona akili za watu wa mtaa ule.

Mkamwana wa kule kazi yake ya kwanza ni salamu. Kabla ya kupika, kabla ya kuzaa, anasalimu. Anasimama langoni alfajiri na ufagio, na kila apitaye anamwinamia, mkono kifuani. Akiwa kwenye gari ni vilevile: akipita mbele ya wakubwa anapunguza mwendo, anainamisha kichwa, mkono kifuani, ndipo anakwenda. Mkamwana asiyesalimu haulizwi yeye. Anaulizwa mavyaa wake, kwamba miaka yote hiyo amemfundisha nini.

Sasa Zumrad alikuwa anapita kila siku mbele ya benchi la wazee, pale penye ukuta wa msikiti, na anainama, na anaweka mkono kifuani, na kutoka nje ni kioo cheusi kinapita. Kwenye benchi hilo aliketi Haji Tojibai, aliyekuwa daktari wa mifugo mpaka alipostaafu, mzee wa adabu za kuchosha. Haji alikuwa anainuka kwa kila gari, aliyemo awe nani. Aliinuka mara ya kwanza, akaweka mkono kifuani, hakurudishiwa kitu. Akainuka mara ya pili. Mara ya tatu akaketi, akauliza wenzake ni mkubwa gani aliyehamia mtaani mwao asiyejua Mungu. Walipomwambia ni mkamwana wa Inobat, alisema ng'ombe aliowatibu walikuwa wanageuza vichwa.

Maneno hayo yalifika kwenye chai ya wanawake kabla birika halijachemka. Mastura, yule yule, akamwambia Mama Inobat kwamba zamani walau walimwona akicheka, siku hizi hata kuwacheka hawacheki, anawapita tu kama waziri. Wakaangua kicheko. Mama Inobat alirudi nyumbani amebana midomo, amesahau hata furushi lake la mikate.

Alimwita Zumrad, akamweka mbele yake. Akamweleza kwamba amemwaibisha, kwamba mtaa mzima unasema nyumba hii imelea jeuri. Zumrad akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye husalimu kila mtu, ila hawamwoni, na asionekane ndivyo ilivyoagizwa.

Mama Inobat alifikiri. Ilichukua muda, haikuwa kazi aliyoizoea.

"Kuanzia kesho," akasema, "ukimwona mkubwa, unashusha kioo, unamsalimu kwa jina lake, unamuuliza habari za nyumbani. Popote pale. Sitaki kusikia tena umempita mtu kioo kimefungwa."

"Sawa, mama."

"Lakini usionekane."

Zumrad alimtazama, kisha akalitazama zulia. "Nishushe kioo, mama, ili waone kwamba sionekani?"

"Usinijibu."

Aliinuka akaenda kuosha pialo, na huko jikoni alicheka, safari hii kweli, mpaka akajiegemeza kwenye tanuri la mkate. Watu walionunua giza kwa kibali, wakalibandika kwa fundi, sasa walitaka litobolewe kila penye mzee, na penye mzee kule ni kila mahali. Mtu hata akitaka kuwadharau kwa kiasi, wenyewe hawamruhusu.

Aliitii amri neno kwa neno. Alishusha kioo kwa Haji Tojibai, akashusha kwa muuza mbegu za alizeti, akashusha kwa mke wa imamu, habari za nyumbani, mtoto mzima, ng'ombe hajambo, baridi inapuliza mpaka kwenye mbavu. Akawa anaendesha Matizi kama kibanda cha tiketi. Mafua yakamshika, na muuguzi mwenye mafua haruhusiwi karibu na kichanga, kwa hiyo akakaa nyumbani siku kadhaa.

Hapo Kudrat akaiona nafasi. Alimwambia mama yake kwamba tatizo si tinti, tatizo ni dereva. Gari la vioo vyeusi linataka dereva hasa, mwanamume, mtu anayeijua barabara kwa damu. Tena ipo shughuli ya kumtia mtoto mchanga susuni, kitanda chake cha kubembea, kwa ndugu zao wa kitongoji cha pili, na mama lazima aende. Atawaendesha yeye, kwenda na kurudi, mama aone mwenyewe. Akiona tofauti, basi funguo zibaki palipo na ujuzi. Mama Inobat akakubali, na mbele ya Zumrad akasema kama safari itakuwa salama, yatakuwa yamekwisha.

Zumrad alielewa barabara. Gari lilikuwa linaondoka mikononi mwake kwa safari moja ya susu. Hakulia. Alimkabidhi Kudrat funguo kwa mikono miwili, kwa adabu, na kuketi nyuma ya kiti cha dereva na kikohozi chake.

Kwenda ilikuwa mchana, jua lipo, njia kavu. Kudrat aliendesha kwa mkono mmoja, akaeleza jinsi watu wasivyojua kuendesha. Kwenye shughuli alikula pilau la watu watatu, huku Zumrad na mafua yake amekaa nje uani, mbali na kichanga. Wakaondoka alasiri imekwisha, ukungu umeanza kunyanyuka miferejini, na Mama Inobat kiti cha mbele, bakuli la pilau la kubeba mapajani, limefunikwa kwa sahani, juu yake mikate na peremende za watoto ambao hakuwa na nia ya kuwapa.

Karibu na daraja la mfereji mwanga ulikuwa umekufa. Kupitia kioo cha mbele ilionekana barabara ya kijivu na mashina ya miforosadi yaliyopakwa chokaa. Ubavuni hakukuonekana kitu. Zumrad kule nyuma alikuwa kama amefungiwa kabatini, lakini daraja alilijua kwa mlio wa matairi.

"Shemeji," akasema, "shusha kioo cha mama, utazame kulia."

"Nimeendesha magari wewe unanyonya."

"Kioo tu, shemeji. Kitufe kiko hapo."

"Mama ataingiwa na baridi," Kudrat akasema, akageuza uso kulia, akatazama kile kioo cheusi kwa ukali, kama anayeamrisha kimwonyeshe, na kwa kuwa hakikumwonyesha kitu aliamua hakuna kitu. Akaingia njia panda.

Kitu kilikuwepo. Kilikuwa Haji Tojibai juu ya baiskeli, anarudi kutoka kumtazama ndama wa mtu, kwa kuwa mifugo haikumwacha astaafu. Mzee aliliona gari, akatafuta uso wa dereva kama alivyozoea, akakuta usiku. Akadhani ameonwa. Akaendelea.

Kudrat alimwona alipofika mbele ya boneti. Akakata usukani, tairi likaserereka kwenye karoti zilizomwagwa pale na mkokoteni tangu asubuhi, zikapondwa zikawa tope, na Matizi ikaingiza pua kwenye mtaro wa maji, polepole, kama punda anayekunywa. Bampa liligusa gurudumu la nyuma la baiskeli. Haji akaenda upande mmoja, baiskeli upande wa pili. Ndani ya gari, pilau lilipanda, likatua: wali kifuani kwa Mama Inobat, karoti kwenye kilemba chake, na kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo begani, kimekaa kama cheo cha jeshi.

Halafu zikasikika sauti za watu nje, wanaotoka kibanda cha muuza mbegu na nyumba za jirani. Zumrad alikwisha kushika mkono wa mlango ili amkimbilie mzee, ndipo akamsikia Haji akisimama mwenyewe, anamuuliza mtu kofia yake iko wapi.

Kudrat alikuwa anapumua kama jogoo aliyefukuzwa. Akageuka nyuma. Hata gizani Zumrad aliona jinsi wazo lilivyomwingia, kwa kuwa mawazo hayakuwa wageni wa kila siku pale na uso mzima ulisogea kulipisha njia.

"Pita mbele," akamnong'oneza. "Upesi. Kaa hapa kwangu, mimi nije huko."

Zumrad hakuelewa mara moja.

"Hawaoni ndani. Hawajui nani alikuwa anaendesha. Wewe ni mwanamke, watasema tu mwanamke, yatakwisha. Mimi wataniimba mpaka kaburini." Na alikuwa amekwisha kuanza kupanda, goti moja juu ya kiti, makalio yamegusa paa, mkono mmoja unamvuta Zumrad bega.

Zumrad akamtazama mavyaa wake. Mama Inobat alikuwa anatoa wali shingoni. Hakusema mfanye, hakusema msifanye. Akasema tu, bila kugeuka, "Fanyeni haraka, watu wanakuja."

Hapo Zumrad alielewa yote mawili: kwamba kesho mtaa mzima utasema mkamwana wa Inobat amemgonga Haji, na kwamba baada ya hapo hataona tena usukani wala mizani wala njia ya kutoka ua ule. Kioo kilichowekwa ili asionekane ndicho kitakachomfanya aonekane pale asipokuwepo. Ilikuwa hila ya kijinga, ya mtu mvivu, na ingefaulu.

Nje, Haji Tojibai alikuwa amefika kwenye gari. Kiganja kimechubuka, koti linachuruzika maji ya mtaro. Mtu mwingine angepiga kioo kwa fimbo. Haji alisimama mbele ya kioo cheusi cha dereva, akaweka mkono kifuani, akaanza mwanzo: asalaam aleikum, hamjambo humo ndani, afya njema, nyumbani wazima, watoto wazima, safari ilikuwaje. Alikisalimu kioo kwa ukamilifu, asiyejua anamsalimu nani, maana ugomvi pia una adabu yake na hauanzi kabla ya salamu. Nyuma yake watu wakasogea, Mastura akiwemo, ameshika ndoo ambayo hakuna aliyejua ameitoa wapi wala ya nini.

Kudrat alikuwa amekwama kati ya viti viwili, mguu mmoja kwenye gia.

Zumrad alikumbuka alichoagizwa. Popote pale. Sitaki kusikia umempita mtu kioo kimefungwa. Vioo vya nyuma vya Matizi havina kitufe, vina mkono wa kuzungusha, na mkono wake ulikuwa karibu na goti. Akauzungusha taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na kioo cheusi kikashuka, mwanga wa jioni ukaingia, na tochi ya muuza mbegu nyuma yake.

"Aleikum salaam, Haji baba," akasema, kichwa ameinamisha, mkono kifuani. "Sisi wazima. Nyumbani hawajambo? Umeumia mahali? Nionyeshe hicho kiganja."

Haji akainama kuchungulia. Watu wote wakainama naye. Wakamwona Zumrad ameketi nyuma, kitambaa cha mafua mkononi. Wakamwona Mama Inobat mbele, amevaa pilau. Na katikati wakamwona Kudrat, kichwa kuelekea buti, makalio kuelekea usukani, mtu mzima mwenye ndevu.

"Kudrat," Haji akauliza kwa upole, "wewe unaendesha kwa upande gani?"

Kicheko kilianzia kwa Mastura, na haki yake. Kikaenda mpaka ng'ambo ya daraja. Walilivuta gari kutoka mtaroni kwa kamba ya ndama, wanacheka, wanakaa chini, wanainuka wanavuta tena. Zumrad aliosha kiganja cha Haji kwa chai iliyopoa ya muuza mbegu, akakifunga kwa kitambaa safi cha kwenye mkoba wake wa kazi, kisha akakaa kwenye usukani bila kumwuliza mtu. Alishusha vioo vyote, akawarudisha nyumbani kwa baridi hiyo hiyo. Kudrat alirudi kwa miguu. Alisema anapenda kutembea.

Asubuhi Mama Inobat alitoka uani na birika la maji ya moto na kisu cha kuparia unga, akaviweka kando ya gari. Akasema hajawahi kupenda uchafu ule kwenye vioo, tangu mwanzo alimwambia Kudrat, ila watoto wa siku hizi hawasikii. Zumrad akasema ni kweli, mama. Akabandua tinti ya wakubwa, ikatoka vipande vipande kama ngozi ya nyanya, kazi ya asubuhi nzima, na mavyaa wake amesimama pale anamwonyesha sehemu alizoziruka.

Walipofika upande wa abiria, mbele kulia, Mama Inobat alikohoa. Akasema hicho kimoja labda kibaki. Macho yake siku hizi yanaumizwa na jua.

Jua halikuwepo. Zumrad alijua kinachomuumiza macho mavyaa wake: benchi la wazee, lango la Mastura, na karoti kwenye kilemba.

"Huo ndio upande natazama njia panda, mama," akasema, na kukimwagia maji ya moto.

Mafua yalipokwisha, siku chache baadaye, alipita mbele ya msikiti adhuhuri, mizani ndani ya buti, vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi. Haji Tojibai aliinuka, mkono wenye kitambaa kifuani. Zumrad akainamisha kichwa, mkono kifuani, joto lake limebaki ndani ya gari. Karibu na benchi, Kudrat alikuwa anatembea kuelekea sokoni. Yeye naye aliweka mkono kifuani upesi, akitumaini atapewa nafasi garini. Zumrad alimrudishia salamu vizuri kabisa, kila mtu akaona, na hakupunguza mwendo.